Jinsi Safari ya Kijidudu Inavyosomwa

Tarehe 17 Februari 2022 serikali ya Malawi ilitangaza ya kuwa mtoto mmoja wa Lilongwe amepooza kwa ugonjwa wa polio. Nchi hii ilikuwa haijaona polio ya asili tangu mwaka 1992, na bara zima la Afrika lilikuwa limetangazwa kuwa huru na ugonjwa huo tarehe 25 Agosti 2020. Wataalamu wakaongeza jambo moja lililowashangaza watu kuliko habari yenyewe, kwamba kirusi kilichompooza mtoto huyo ni ndugu wa virusi vilivyoonekana katika jimbo la Sindh, nchi ya Pakistani, mwaka 2019.

Habari hiyo ilipofika Dzaleka, nakumbuka maneno yaliyosemwa kwenye foleni ya bomba la maji. Mmoja alisema, "Pakistani? Basi imeletwa na wageni." Wengine wakanyamaza, kwani wote waliosimama pale na madumu yao walikuwa wageni: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na mmoja au wawili kutoka Ethiopia. Kwa wale wasiopajua, Dzaleka ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa siasa, na mwaka 1994 pakafunguliwa kwa watu waliokimbia vita vya nchi za Maziwa Makuu. Palitengenezwa kwa watu 10,000 au 12,000 hivi. Sasa tumepita 50,000. Watu wakiwa wengi namna hiyo mahali padogo, ugonjwa wowote ukitokea nchini macho huwaelekea wao. Kwa hiyo nimeona yafaa kuwaeleza wenzangu ni kitu gani hasa wataalamu wanachokijua wanaposema ya kuwa kijidudu fulani "kimetoka" nchi fulani, na ni kitu gani ambacho elimu hiyo haiwezi kuwaambia. Mambo haya mawili huchanganywa kila siku, na kuchanganywa kwake kwaweza kumwumiza mtu asiye na hatia.

Kila kijidudu, kama kila mmea na kila mnyama, kina maagizo ndani yake yanayokielekeza namna ya kujijenga. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu. Wataalamu huziita A, C, G na T. Katika kirusi cha polio, mahali pa T huwa U. Polio ina herufi kama 7,500. Tukisema ukurasa mmoja wa gazeti letu una herufi 2,500, basi polio nzima ingeenea katika kurasa tatu. Kijidudu cha kipindupindu kina herufi kama milioni 4, yaani kurasa 1,600. Herufi zake zote zilisomwa na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Siku hizo kazi hiyo ilitaka maabara kubwa na fedha nyingi mno. Leo mashine nyingine za kusomea herufi ni ndogo hata kuingia kiganjani, na kazi iliyokuwa ya miaka imekuwa ya siku chache.

Sasa, kijidudu kinapozaliana hunakili herufi zake, na katika kunakili hukosea. Hapo ndipo siri yote ilipo. Kila mwanafunzi aliyekaa bweni atanielewa upesi. Mwalimu wa historia anaandika ubaoni, na mwanafunzi wa kwanza ananakili, lakini mahali pa "Mutesa" anaandika "Mutusa". Jioni wenzake wawili ambao hawakuwapo wananakili daftari lake, na kosa lile linaingia katika madaftari yao pia. Mmoja wa hao wawili anaongeza kosa lake mwenyewe: mwaka 1875 unakuwa 1857. Wote watakaonakili kwake watakuwa na makosa mawili, na wote watakaonakili kwa mwenzake watakuwa na moja. Mwalimu akiyakusanya madaftari hana haja ya kumwuliza mtu. Kwa kuyapanga makosa tu aweza kuchora mti, shina na matawi yake, akajua daftari lipi lilitokana na lipi. (Walimu wetu, nadhani, waliijua elimu hii zamani kabla ya wataalamu wa vijidudu.)

Lakini angalieni. Mti ule wamwonyesha mwalimu undugu wa madaftari tu. Haumwambii daftari lilipita mikononi mwa nani, wala kama lilikaa juma zima chini ya kitanda cha mtu ambaye hakunakili hata neno moja. Ikiwa madaftari mengine hayakukusanywa, mti una mapengo, na mwalimu mwenye haraka aweza kumwadhibu asiyehusika. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa nitalitumia tena.

Polio ina sifa moja ya ajabu: makosa yake hutokea kwa mwendo unaokaribia kuwa sawasawa, kama saa ya ukutani. Wataalamu hutazama sehemu moja ya maagizo yake, iitwayo VP1, yenye herufi zipatazo 900. Katika sehemu hiyo, kiasi cha herufi 1 katika kila 100 hubadilika kwa mwaka, yaani kama herufi 9 kwa mwaka. Tuseme basi umepata virusi viwili, cha mwaka huu na cha zamani, na kile cha mwaka huu kimeachana na cha zamani kwa herufi 18. Gawanya kwa 9. Utapata miaka 2. Hesabu hii ni ya darasa la chini, lakini ndiyo iliyowafanya mabingwa wajue ya kuwa kirusi cha Lilongwe hakikuruka juzi kutoka Sindh. Kilikuwa kimetembea kwa muda wa miaka kama miwili, kikitoka kwa mtoto mmoja kikiingia kwa mwingine, bila ya kuonwa na mtu.

Kiliwezaje kujificha hivyo? Kwa sababu katika watu 200 walioambukizwa polio, ni kama mmoja tu anayepooza. Wengi hawaugui hata kidogo, au hupata homa ndogo wakasahau. Kirusi hukaa tumboni mwao, hutoka katika choo, huingia katika maji au mikono, na kuendelea na safari. Kwa hiyo mtoto mmoja aliyepooza ni kama moshi unaoonekana juu ya kilima: moto uko chini, nao ni mkubwa kuliko moshi. Mtoto wa Lilongwe alianza kupooza tarehe 19 Novemba 2021, na choo chake kikachukuliwa kupimwa mwezi huo huo. Majibu ya mwisho yalipatikana Februari, baada ya kusomwa katika maabara ya Afrika ya Kusini na kuhakikishwa tena Marekani. Karibu miezi mitatu! Mimi nadhani hii ndiyo sehemu ya habari iliyostahili kuwakasirisha watu, kuliko neno "Pakistani". Nchi ambayo maabara zake haziwezi kusoma herufi hizi nyumbani hungoja barua ya watu wengine, na kirusi hakingoji.

Basi ni nani aliyeileta? Herufi 900 hazina jina la mtu, wala kabila, wala hati ya kusafiria. Mchukuzi wa polio huweza kuwa mzima kabisa. Huenda alikuwa mfanyabiashara, au mwanafunzi, au mtalii, au mwananchi aliyekuwa akirudi nyumbani kwake. Huenda walikuwa watu wanne au watano kwa kupokezana, kila mmoja katika nchi yake. Anayesema "wageni ndio walioleta" hakusoma herufi yoyote. Ameusoma mti wa mwalimu, kisha akajaza mapengo kwa jina la mtu asiyempenda.

Mwezi wa Machi 2022 kazi ya kuwapa watoto chanjo ilianza. Watoto wote walio chini ya miaka 5 walitiwa matone mawili kinywani, na kidole cha kila mmoja kikapakwa wino. Watoa chanjo walipita nyumba kwa nyumba, na kwenye mlango wa kila nyumba waliandika alama kwa chaki, ili wenzao watakaofuata wajue watoto wangapi wamepewa na wangapi hawakukutwa. Kazi hii imefikiriwa vizuri sana. Lakini kwetu Dzaleka kulikuwa na jambo ambalo waliofikiri hawakulijua. Mama mmoja jirani yetu, mtu mzima, alipoona chaki mlangoni pake alichukua kitambaa cha maji akaifuta yote. Mama yangu akamwuliza, "Dada, mbona unafuta?" Akajibu, "Mimi nimekwisha kuona milango ikitiwa alama." Hakusema zaidi, na hatukumwuliza, maana tulijua alikotoka na mwaka aliotoka. Wajukuu wake alikuwa amewatoa wapate matone bila ya ubishi. Chaki tu ndiyo aliyoikataa. Kijana mtoa chanjo aliporudi na kuona mlango mtupu alitaka kukasirika. Mama yangu akamweleza pembeni, naye akaandika hesabu katika karatasi yake, akaenda zake. Nawaandikia haya kwa ajili ya wale miongoni mwetu watakaokuwa waganga na wauguzi, ili wasidhani kila anayefuta alama anapinga dawa.

Kazi ile haikuwa bure. Virusi ndugu wa kile cha Lilongwe vilipatikana Msumbiji, katika jimbo la Tete, na mwaka 2022 watoto 8 wakapooza huko. Malawi, Msumbiji, Tanzania, Zambia na Zimbabwe zikachanja watoto wao, mara kwa mara, na wataalamu wakaanza pia kuchota maji machafu ya mijini na kuyapima, ili wakione kirusi kabla hakijampooza mtoto. Mwezi wa Mei 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza ya kuwa mlipuko huo umekwisha.

Sasa nije kwenye kipindupindu, ambacho kwetu si habari ya kusoma tu.

Wakati polio ilipotangazwa Lilongwe, kusini ya nchi ilikuwa katika maafa ya mafuriko. Dhoruba iitwayo Ana ilipiga Januari 2022, na kimbunga Gombe kikafuata Machi. Mwanzoni mwa mwezi huo wa Machi mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu akatambuliwa katika wilaya ya Machinga. Watu walidhani kitakwisha mvua zitakapokwisha, kama ilivyo desturi. Hakikwisha. Kiangazi kikapita, kikaendelea. Desemba Rais akakitangaza kuwa ni hatari ya taifa. Januari 2023 shule za Lilongwe na Blantyre zikachelewa kufunguliwa. Kilienea katika wilaya zote, pamoja na Dowa yetu. Kufika Mei 2023 walikuwa wameugua watu zaidi ya 58,000, na waliokufa walipita 1,700. Kabla ya hapo, mlipuko mkubwa kuliko yote wa Malawi ulikuwa ule wa 2001 na 2002, ambao uliua watu 968.

Wataalamu wa Malawi na wenzao wa nchi nyingine walisoma herufi za vijidudu vya mlipuko huu, wakavilinganisha na vya zamani. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2024. Waliona ya kuwa vingi ni vya ukoo mmoja ulioingia Afrika karibuni kutoka Asia, ukoo waliouita AFR15, na kwamba si wa jamaa moja na vile vya zamani vya Malawi. Kwa hiyo kijidudu hiki hakikuwa kimelala katika maziwa na mito yetu kikingoja mvua. Kilikuja, kikakuta mafuriko.

Hapa yafaa turudi nyuma kidogo. Mlipuko wa dunia tulio nao sasa ni wa saba katika historia, nao ulianza mwaka 1961 huko Indonesia. Ulifika Afrika mwaka 1970, na Malawi mwaka 1973. Watu wengi, hata wasomi, walikuwa wakiamini ya kuwa tangu hapo kipindupindu kilifanya makao katika maji ya Afrika, na kwamba kila mlipuko ni kile kile cha kwetu kikiamka. Mwaka 2017 kundi la wataalamu, ambaye mmoja wa wakubwa wao ni Mfaransa François-Xavier Weill, lilichapisha kazi ya kusoma herufi za vijidudu zaidi ya 1,000, vilivyokusanywa katika nchi 45 za Afrika kwa muda wa miaka 49. Madaftari yalikuwa mengi, na mti ukatoka mzuri. Kumbe kipindupindu kiliingizwa Afrika angalau mara 11 tangu 1970. Kila kilipoingia kilienea, kikakaa miaka, hata 28, kisha tawi lile likafa na jingine likaingia. Waliona pia ya kuwa matawi yaliyoingia baadaye yalikuja yamekwisha kujifunza kuzishinda dawa nyingi, na baada ya mwaka 2000 yaliyachukulia nafasi yale yaliyokuwa yakisikia dawa.

Tena safari haziwi za upande mmoja. Kipindupindu kilichoua watu wengi Yemeni kuanzia 2016, herufi zake zilionyesha ya kuwa kilitoka Asia ya Kusini, kikapita Afrika ya Mashariki, ndipo kikafika Yemeni. Sijasikia Myemeni akimlaumu mtu wa Afrika ya Mashariki kwa jambo hilo.

Hata hivyo sitaki mtu adhani ninasema aliyeleta hawezi kujulikana kamwe. Haiti ilikuwa haijaona kipindupindu kwa muda wa miaka mia na zaidi, mpaka Oktoba 2010 kilipozuka ghafula. Wananchi walisema kimetoka katika kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepali. Wakubwa walikana. Mwaka 2011 herufi zikasomwa: vijidudu vya Haiti na vya Nepali vilikuwa karibu sawasawa kabisa. Lakini tazama ya kuwa ushahidi haukuwa herufi peke yake. Palikuwa na kambi yenyewe, palikuwa na mfereji wa uchafu uliomwagika katika kijito, palikuwa na mto uliopokea maji ya kijito hicho, na wagonjwa wa kwanza walikuwa wale waliokunywa maji hayo. Bwana Renaud Piarroux, mganga wa Kifaransa, alikuwa amekwisha kuyafuata mambo hayo kwa miguu yake kabla ya herufi kusomwa. Watu kama 10,000 walikufa, na Umoja wa Mataifa uliomba radhi mwaka 2016. Sasa ulinganishe ushahidi wa namna hiyo na neno la mtu kwenye foleni. Na hata huko Haiti, kosa halikuwa kwamba askari ni wageni, bali kwamba choo chao kilimwagwa mtoni.

Wa Malawi 1,700 walikufa kwa sababu gani? Neno "Asia" halitoshi kujibu. Mgonjwa wa kipindupindu akitibiwa mapema na vizuri, katika 100 hafi hata mmoja. Malawi walikufa kama 3 katika kila 100. Tofauti hiyo ya wawili haikuletwa na AFR15. Ililetwa na umbali wa zahanati, na uhaba wa dawa, na visima vilivyofurika pamoja na vyoo. Chanjo ya kunywa ilikuwako, lakini mwaka huo nchi nyingi za dunia ziliihitaji kwa pamoja, hata ikabidi Oktoba 2022 iamuliwe ya kuwa kila mtu apewe dozi moja badala ya mbili. Na mwaka 2023, wakati ugonjwa ulikuwa haujakwisha, wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini waliamriwa warudi Dzaleka. Sina nia ya kujadili siasa katika gazeti la shule. Nasema hesabu tu: mabomba ni yale yale, vyoo ni vile vile, na watu wameongezeka.

Kwa nini ugonjwa huu huua upesi namna ile, mtu akiwa mzima asubuhi na maiti jioni? Kijidudu chenyewe hakiingii katika damu wala hakili nyama ya mwili. Hukaa tu juu ya ukuta wa utumbo na kutoa sumu, jambo ambalo S. N. De, bingwa wa Kalkuta, alilithibitisha mwaka 1959 kwa majaribio ya matumbo ya sungura. Sumu ile hufungua milango ya chumvi katika seli za utumbo. Chumvi hutoka mwilini kuingia utumboni, na maji huifuata chumvi. Mgonjwa mahututi aweza kupoteza lita moja kwa saa moja. Humpa maji matupu anywe, na maji hayo hupita moja kwa moja, kwa kuwa njia ya kawaida imeharibika.

Lakini kuna mlango wa pili ambao sumu haiugusi. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza ya kuwa katika ukuta wa utumbo kuna mlango unaopokea sukari na chumvi kwa pamoja: mmoja peke yake hukataliwa, wakija wawili hupita. Wakipita, maji huwafuata. Kwa hiyo maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo chake huingia mwilini hata wakati sumu inafanya kazi. Jambo hili lilijulikana katika maabara, na waganga wakubwa wakaogopa kulitumia bila ya sindano na chupa za maji ya mshipani.

Aliyewatoa hofu alikuwa Dilip Mahalanabis, na mahali palikuwa kambi ya wakimbizi. Mwaka 1971 mamilioni ya watu walikimbia vita ya Bangladesh wakaingia India, na katika mji wa Bangaon kipindupindu kikawaua kama nzi. Wagonjwa walilala sakafuni, na chupa za maji ya mshipani zikaisha. Mahalanabis akaagiza chumvi na sukari ipimwe na kufungwa katika mifuko, ikorogwe katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wenyewe wawanyweshe kwa vikombe: mama na mwanawe, kaka na nduguye. Kabla ya hapo walikuwa wakifa kama 30 katika 100. Miongoni mwa wale waliokuwa chini ya uangalizi wake wakafa chini ya 4. Alikufa Oktoba 2022, wakati kipindupindu cha Malawi kikipamba moto, na pakiti za chumvi na sukari ziitwazo Thanzi zikigawanywa katika zahanati zetu kila siku. Nilipomsoma bwana huyu nilifurahi kuliko nilipowasoma wakubwa wengine wa elimu hii, maana watu wa kambi katika hadithi yake si wachukuzi wa ugonjwa tu. Ni kwa mikono yao dunia ilijifunza dawa ambayo leo hutumika kila mahali. Wazee wetu waliopita Goma Julai 1994, mahali ambapo wakimbizi karibu 50,000 walikufa katika mwezi mmoja, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu, hawahitaji kuelezwa thamani ya kikombe hicho.

Kipimo chake, ikiwa pakiti haipatikani, ni hiki: maji safi lita 1, yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6, visiwe vya mlima bali vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto, kwa hiyo onja kwanza: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, tena bila ya kuacha. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Na wakati unampa, mwingine atafute baiskeli au gari la kumpeleka zahanati, maana aliyekwisha kulegea na macho kuingia ndani huhitaji maji ya mshipani, na kikombe peke yake hakitamtosha.